Maji Yaliyosimama

Ghorofa ya sita, Mtumba. Ndahani
anafungua koki ya majaribio,
ile ya mwisho kabisa, bomba linakofika
limechoka kwa kona na kwa kupanda.

Kwanza upepo. Kisha maji meusi,
yananuka chuma; miaka mitatu
yamesimama darini, juu ya vichwa vyetu,
yamezuiwa na kichupa cha kioo
chembamba kuliko kidole cha mtoto,
kikingoja moto ambao haujaja.

Geji inashuka. Huko chini pampu
inashtuka, inanguruma.
"Inatosha," anasema,
lakini hafungi.

Kwao Bahi, saa hizi, dada yake
yumo mtoni, anafukua mchanga kwa kata.

Maji yameanza kutakata.
Ndahani anasogeza ndoo.