Hati ya Mfuasi

Ngazi arobaini na moja, nilizihesabu,
juu ya duka la vipuri vya cherehani, Mtaa wa Livingstone,
mpaka mlango ulioandikwa kwa chaki:
Msaada wa Sheria. Alhamisi. Njoo na karatasi zako zote.

Zangu zote zilikuwa ndani ya mfuko wa unga wa ngano,
mvua ya vuli isije ikazisoma kabla ya wakili.

Kwenye benchi maswali yalishatangulia kukaa.
Mama wa Kikomoro: mwanangu kazaliwa Amana,
sasa yeye ni wa wapi?
Kijana wa Bujumbura: pasi imekwisha juzi,
mwajiri ananiambia nisijali,
na ndiyo maana najali.
Lusungu kando yangu, mikono inanuka gesi ya majokofu,
anasoma bango la zimamoto kwa mara ya nne.

Tulipoitwa, nilisema mimi.
Mume wangu. Kwao Karonga. Ndoa ya bomani, mwaka wa sita huu,
na pilau tulilipika wenyewe, likaungua.
"Pilau si kielelezo," akasema wakili. "Cheti kipo?"
Kipo.
"Barua ya serikali ya mtaa?"
Ipo, ila mwenyekiti kaandika Lusungo.
Akaizungushia ile o wino mwekundu.
"Herufi moja humlaza mtu mahabusu. Irudishwe."

Kisha akafunua pasi, ukurasa kwa ukurasa,
akafika wa kumi na mbili,
akanyamaza.
Akauinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Muhuri huu nani kaugonga?"

Yule wa Kurasini, mwenye fulana ya mistari,
anayeshinda kwenye kibanda cha kutoa nakala,
anayekuita shemeji kabla hujasema umeolewa.
Laki tatu na nusu.
Tuliuza friji letu, tukampa;
fundi wa majokofu akarudi kunywa maji ya mtungi.
Njia ya mwongo fupi: methali nilikuwa nayo tangu shule,
bei yake ndiyo sikuijua.

Wakili hakutupa pole.
"Sitawaambia ni jambo dogo. Tutaingia wenyewe,
tutasema wenyewe, kabla hatujaulizwa.
Labda faini. Labda zaidi ya faini.
Nitakuwepo."
Na malipo yako?
"Andika jina kwenye daftari."

Na tunaomba nini hasa, nikauliza.
"Hati ya mfuasi."
Nikacheka, Mungu anisamehe, pale pale.
Mfuasi! Huyu anayenipasulia njia Kariakoo kwa kiwiko,
anayejua bei ya dagaa kuniliko,
serikalini ni mfuasi wangu?
Lusungu hakucheka.
"Andika," akamwambia wakili. "Nilimfuata.
Karonga mpaka Mbeya, Mbeya mpaka hapa,
na mfuko wa spana."

Halafu akaona jina kwenye kibao cha mezani.
"Wewe Atupele wa upande upi?"
"Kyela."
"Dada yangu naye Atupele. Ng'ambo ya Songwe."
Wakaangaliana.
Jina moja, kingo mbili za mto,
na hakuna aliyewahi kulidai kibali.
Wakili akatabasamu, kidogo tu, akafunga faili.
"Jumatatu, saa moja na nusu. Picha ziwe na buluu nyuma."

Jumapili hatukulala. Alikoroga chai mara tatu,
hatukunywa hata moja.

Getini Kurasini ile fulana ya mistari ikatuona:
"Shemeji! Shemeji, mbona mnapita?"
Tukapita.
Mbele wakili, nikafuata mimi,
nyuma yangu Lusungu,
kidole kimebana ukurasa wa kumi na mbili
kama mtu anayeshika
pale alipoishia kusoma.