Sifuri ya Kumi na Tatu

Saa mbili asubuhi, kwa viatu vya mpira
visivyo na kazi tena,
Hilja anavuka ua kwenda kwenye kipimamvua:
kopo la bati juu ya nguzo, mdomo wazi,
linaikodolea mbingu tangu enzi za serikali nyingine.
Analiinamisha. Anachungulia.
Kavu, kama koo la mwenye deni.

Anaandika: sifuri.
Ni ya kumi na mbili. Zimepangana chini ya tarehe
kama mayai kwenye trei,
na hakuna hata moja lenye dalili ya kuanguliwa.

Kalenda inasema vuli.
Neno lenyewe limepotea njia:
vuli gani hii isiyojua mawingu,
isiyolowesha hata kamba ya kuanikia?
Nyuma ya mireteni Baltiki imelala chali,
haina wimbi la kumwamsha bata.
Endel anakausha gayogayo;
moshi wake unapanda wima, unafika usawa wa paa,
unasimama,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Na kimya.
Tofaa likianguka kwa Endel
Hilja hulisikia akiwa jikoni kwake,
husema, macho yakiwa bado kwenye viazi,
"La saba."

Juzi usiku korongo walipita kwenda kusini,
wakigombana angani kama abiria waliokosa tiketi.
"Wamewahi," alisema mwenye duka.
"Wamechelewa," alisema Endel.
Hilja alifunua daftari la mwaka jana:
tarehe ileile.
Akalifunga, hakumwambia mtu.
Hali ya hewa isiposogea
watu nao wanahitaji kitu cha kubishania.

Kamba ya kisima imeongezwa pima moja.
Ndoo inarudi na maji ya rangi ya chai
na chura mmoja aliyekasirika.

Kuna pia suala la umande.
Asubuhi nyingine tone hukaa ndani ya kopo,
moja tu, limetulia, lina dirisha dogo la jua.
Alifundishwa zamani, na mwanamume mwenye tai,
kwamba umande si mvua,
ni jasho la usiku, halihesabiwi.
Hilja hakuwahi kubisha.
Lakini hulitazama kidogo kuliko inavyotakiwa,
halafu ndipo hulipangusa kwa ncha ya aproni.

Asubuhi ya kumi na tatu, kopo lina maji.

Milimita mbili nukta nne.
Anapima tena. Mbili nukta nne.
Anainua uso: buluu tupu, mbingu haina kosa.
Anainamisha uso: vumbi,
na juu ya vumbi nyayo za miguu mitupu,
fupi, pana vidoleni,
zimekuja kutoka uzio wa Endel
na zimerudi huko mbiombio.

Taavet. Mjukuu. Miaka sita.
Jana aliegemea uzio huo akamuuliza
kama hachoki kuandika kwamba hakuna.

Miaka arobaini na moja
hajawahi kulidanganya daftari lile,
hata wiki ile ya mazishi, alipotoka na nguo nyeusi
akasoma, akaandika, akarudi kwa wageni.
Sasa amesimama uani na maji ya kopo mkononi
na simu inalia ndani: ofisi ya Tallinn, kijana yule mwenye haraka.
Inalia mpaka inachoka.

Anayamwaga maji kwenye shina la kabichi,
polepole, yasipotee pembeni.
Anaandika: sifuri.
Kisha, kwenye ukingo wa karatasi,
palipoachwa kwa ajili ya radi, ukungu na mvua ya mawe,
anaongeza kwa penseli, herufi ndogo:
Taavet. Alfajiri. Kikombe kimoja.

Halafu anaingia ndani kutazama
kama kikombe chake cha buluu kimerudi kabatini.