Viatu Vinauzwa Kando

Saa tatu usiku, steshenari ya Kidawa, Yombo Vituka.
Nimelipa elfu mbili kwa saa mbili
na kiti chenye mguu mmoja mfupi.
Kwenye kioo nimezaliwa upya:
mwanamke mrefu, kiuno cha nyigu,
hana viatu.
Viatu vinauzwa kando.

Rangi za ngozi zilikuwa kumi na moja.
Yangu niliikuta ya tisa, au tuseme jirani yake,
kama chungu kilichotolewa motoni mapema.
Nikaiacha hivyo hivyo.
Naenda kuomba kazi, siendi kuposwa.

Ukumbi wa maonyesho ya ajira za walimu
hauna geti, hauna mlinzi wa kuuliza
"Una miadi na nani?"
Hilo tu lilinitosha kuupenda.
Miaka sita nimewajua walinzi wa shule za jiji hili,
hasa wale wa Masaki
wanaokusoma miguu kabla ya bahasha.

Vibanda vimepangwa kama meno ya bandia:
shule ya Doha, shule ya Kigali,
shule isiyo na mji wala choo, yote ipo hewani.
Na sisi walimu katikati, mamia,
majina yakielea juu ya vichwa.
Wengine wamekwama ukutani,
wanatembea, wanatembea, hawaendi.
Hao niliwaelewa haraka kuliko wote.

Nikabonyeza nisipopajua, nikapaa.
Mwalimu wa fizikia, shahada ya Chang'ombe,
naning'inia juu ya paa la Doha
nyayo zikiwatazama waajiri,
mimi ninayewaapia watoto wa tuisheni
kwamba kila kilichorushwa hurudi.

"Karibu chini, mwalimu," mtu akaandika.
Bwana Tindwa, shule ya hewani.
Kumbe yuko Mikocheni,
saa moja kutoka nilipo, Tazara ikiwa na huruma.
Tumesafiri wote wawili mpaka nchi isiyokuwepo
ili tuamkiane.

"Fundisha dakika kumi. Mada yoyote."

Nikapewa ubao, na chaki isiyokohoza.
Wanafunzi wanane wamekaa wima, hawapepesi macho;
sikujua yupi mtu, yupi pambo.
Nikawafundisha msuguano.
Nikasema: mguu hauendi mbele kwa sababu unataka,
unakwenda kwa sababu ardhi inaukatalia kurudi nyuma.
Nikasema: pasipo kitu cha kukukatalia
huwezi kupiga hata hatua.
Nikanyamaza kidogo hapo.
Wanane wakaendelea kukaa wima.

"Sasa mbona matope yanatelezesha,
halafu matope hayo hayo yanakukamata mguu?"

Sauti ilitoka mgongoni.
Hatibu wa Kidawa, kidato cha pili,
amekuja kufunika mashine ya fotokopi,
kitambaa kingali mkononi.

Nikageuka. Nikasahau.
Nikavua ndala, nikaiburuza kwenye sakafu kavu,
nikamwaga maji ya chupa, nikaiburuza tena.
"Umesikia sauti ilivyobadilika?"
Akachukua ndala akajaribu mwenyewe,
akainama, sikio karibu na saruji,
kama anayesikiliza mlango wa jirani.
Kidawa kutoka kaunta: "Nani kamwaga maji hapo?"

Nilipokumbuka kioo,
yule mrefu alikuwa amelala amesimama, kidevu kifuani;
ndivyo wanavyofanya usipowagusa.
Chini yake mistari mitatu ya Tindwa:

Mwalimu, bado upo?
Kipaza sauti kiko wazi, tunasikia.
Endelea. Mjibu huyo kijana kuhusu matope.

Nikavuta kiti. Kikayumba.
Kabla sijagusa herufi, kioo kikawa cheupe:
muda wako umekwisha, ongeza malipo.
Mfukoni nina mia saba.

Kidawa ameshaanza kushusha geti la chuma,
linalia njia nzima, linahitaji grisi.
Hatibu bado kachuchumaa na ndala yangu.
"Enhe," anasema, "na matope je?"