Baridi ya Kichochoroni

Paka wa Mkomani walijua kabla yetu:
walilala safu chini ya dirisha la juu,
pale baridi ya mashine ilipomwagika.
Wapita njia nao wakapunguza mwendo.
Bi Esha Famau alisimama na kikapu chake:
"Naona mwapoza mtaa. Mungu awalipe."
Mungu labda; sisi tulishalipa.
Tokeni ya Ijumaa haikufika Jumanne.

Kaka yangu Twalib akatuma vioo kutoka Mombasa,
tabaka mbili mbili, na fremu za alumini.
Vilipanda punda, vimefungwa kwa magodoro,
ila kimoja kilichochungulia,
na njia nzima kutoka gatini
kipande cha mbingu kilitembea kwa miguu minne,
na kuta za matumbawe
zikajiona zilivyozeeka.

Afisa wa makumbusho alikuja na futi yake.
"Nyumba hii imeandikwa," akasema.
Nikamkumbuka bibi, aliyetia dole gumba
maisha yake yote.
Sasa dirisha lake haling'oki
bila mihuri mitatu.
"Mama hapati usingizi kwa joto," nikamwambia.
Akatazama viatu vyake.
Yeye pia ana mama.

Basi tukamwita Fundi Shekuwe.
Hakupima kitu. Alifunga mbao zote,
akawasha udi,
akautembeza moshi ukingo kwa ukingo.
Ulipopinda, akatia chaki.
Alama arubaini na moja.

Chini ya rangi ya kijani palikuwa na buluu,
chini ya buluu, msaji mtupu.
Na ubavuni mwa bawaba, kwa ncha ya patasi,
akavuta kitambaa: pindo la leso
lililosokotwa, gumu kwa vumbi la kusi nyingi.
Nyuma yake jingine.
Saba, dirisha moja.

Bibi, aliyetukaripia tukifunga mbao,
"Upepo mgeni, haufungiwi mlango,"
kumbe usiku alikuwa akiziba.

Fundi alijaza nyufa sufi na vipande vya mti.
Pindo moja nilimwomba alirudishe.
Hakuuliza.

Mama sasa hulala, si kila usiku.
Tokeni ya Ijumaa hufika Alhamisi, ikichechemea.
Vioo vimeegemea ukuta wa kiwanda;
Twalib hajaambiwa,
na muuza mahamri ameshakiomba kimoja
kwa ajili ya nzi.

Jana Bi Esha alitua kikapu chini ya dirisha,
akatazama juu,
akatazama mahali pa paka.
"Tumewakosea nini," akauliza,
"hata mukatunyima?"