Kope ya Chini

Daktari aliandika neno moja, la Kifaransa, fupi,
akapita kwenye kitanda cha pili.
Mimi ndiye wa kulivusha hadi kwa Mama Kavugho,
muuza makaa wa Birere, vidole vyeusi hadi kwenye kucha,
na Muhindo wake amelala magotini
bila hata kulia.

Nilisema kwanza: amepauka.
Akatazama miguu ya mtoto, akacheka kidogo.
Kupauka dawa yake ni mafuta ya mawese,
nimempaka asubuhi, ona anavyong'aa.

Kweli. Kupauka ni kwa ngozi na barabara,
ni vumbi la Sake juu ya majani ya migomba.
Nikajaribu: amechujuka.
Hapana, hiyo ni ya kitenge,
na akavuta ncha ya chake
mahali palipokuwa na tausi, sasa kivuli cha ndege fulani.
Mwanangu si nguo. Nani amemfua?

Kusawijika nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza:
hilo ni la huzuni, na huzuni ilikuwa ya mama.
Kukwajuka ni kwa waliokuwa warembo, miaka ikapita.
Muhindo ana miaka mitatu.
Kufifia, nilikataa.
Taa ndizo hufifia,
na jenereta ilikuwa nyuma ya ukuta, inakohoa.

Ndipo nikafanya kama nilivyofundishwa:
nikavuta kope ya chini ya mtoto kwa kidole gumba.
Pale panapotakiwa kuwa pekundu kama nyama ya pera
palikuwa maji ya mchele.
Kisha nikamwambia mama, vuta na yangu.
Akaniachia alama ya makaa shavuni.
Alitazama jicho langu. La mtoto. Tena langu.
"Aa," alisema. "Damu imehama."

Imehama.
Hapa Goma nani hajui kuhama:
godoro kichwani, usiku, mlima umewaka,
mtu anarudi kuulizia mlango wake
chini ya jiwe jeusi lililokuwa bado na joto.

Kwenye fomu ya benki ya damu, mbele ya "sababu",
niliandika hivyo hivyo: damu imehama, inaombwa irudi.
Karani alisoma mara mbili,
akanitazama shavu,
akauliza ni kundi gani.
O, nilisema.
Akafungua friji.