Nguvu-Tisa

Kwanza soksi, alisema Meeta.
Uchawi wa mtu mwenye miguu iliyolowa
haufiki mbali, hufika kwenye mafua.
Akanitupia jozi ya sufu, kiraka chekundu kidoleni,
tukatoka saa tisa za usiku,
usiku wa Juni usiojua kukolea,
weupe wake umemwagika nyuma ya misonobari.

Mimi fundi wa trekta, nilikwenda kwake Võru
kuomba dawa ya kukosa usingizi.
Dawa haitumwi, alinijibu. Huendewa.

Njiani alinena kama anayefunga vifungo:
usiingie msituni na kinyongo mfukoni,
kitakukwaruza wewe kwanza.
Usipige mluzi. Si kwamba majini watakuja;
ndege watanyamaza, nawe utakosa habari.
Ukipotea, geuza koti, la ndani liwe nje,
keti chini, ule ulichobeba.

Koti linasaidia nini?

Koti halisaidii kitu. Kuketi ndiko kunakosaidia.
Lakini mwambie mwanamume aliyepotea aketi tu,
uone kama ataketi.

Na tukirudi, vua zote ukague kupe:
nyuma ya magoti, kwapani, penye aibu.
Kupe hana talasimu.

Ukingoni mwa machimbo ya kokoto aliusimamia mmea,
jani lake sikio la mwana-kondoo,
maua ya njano yamepandana kwenye fimbo moja.
Nguvu-Tisa, akauita, kwa sauti ya kumwita jirani.
Nikataka kuzijua hizo tisa.
Akataja kifua, sikio la mtoto, bawasiri,
akafika ya sita akachoka.
Tatu zilizobaki ni zake mwenyewe.
Usiulize kila kitu.

Akaacha kipande cha mkate mweusi,
akachukua mmoja, akapita sita.
Nilipofungua kinywa kushukuru akanikanyaga mguu.
Asante humaliza deni, na deni ndilo linalokurudisha.

Katika lugha yetu anayeponya na anayeroga
wana jina moja, *nõid*, halibagui.
Nilimuuliza watu hujuaje nani ni nani.
Tazama kikapu, alisema,
kimerudi kimejaa kiasi gani.

Usingizi nilianza kuupata, sijui kwa majani
au kwa kilomita zile.

Agosti ya mwaka wa tatu kifua chake kilikoroma
kama injini iliyokaukiwa mafuta.
Nilikwenda peke yangu. Soksi kavu.
Niliacha mkate mzima, sikupiga mluzi,
kisha nikachukua yote.
Yenye maua. Isiyo na maua.
Hata ile ya mwaka wa kwanza iliyolala chini
kama viganja vilivyofunguliwa.

Hakunitazama mimi, alitazama kikapu.
Umebakisha mingapi?
Nikasema moshi umezidi humu, nifungue dirisha.
Ilmar. Mingapi?

Alikunywa, kila jioni, bila asali,
kwa uso wa mtu anayelipa deni la mwingine,
akaishi hadi barafu ya ziwa ilipopasuka.
Hatukulizungumza tena.

Viangazi viwili ukingo ule ulikaa na upara.
Nilipeleka mkate, wakala kunguru.
Usiku nikarudi kuhesabu boriti za dari.

Kuna neno alilolisema mwishoni, nikadhani ni homa:
mbegu zake hulala chini miaka na miaka
zikingoja ardhi iumizwe.

Mei hii nilibeba jembe badala ya kikapu.
Nilikwaruza sehemu ya ukubwa wa kitanda,
kokoto zikilia, mgongo ukilia,
nimevaa zile soksi zenye kiraka.
Sikuacha kitu. Sikusema kitu.

Leo alfajiri nimepiga magoti pale.
Kuna kijani, kidogo kuliko ukucha,
kina manyoya, au ni umande.
Huenda ni gugu tu.
Sijakiuliza.