Nusu Kijiko

Zamani sikupima chumvi. Mkono ulijua wenyewe:
konzi kwa maharagwe, konzi kwa supu,
na chembe zilizobaki kiganjani
nikizipangusia kachumbari, zisipotee.
Watu wa mjengo pale Mutindwa walisema
chakula cha Mbithe kina mkono.
Kweli, kilikuwa na mkono.

Ndipo miguu ya Muendo ikaanza kuvimba.
Viatu vyake vya kazi vikamkataa, kimoja, kisha cha pili.
Tukasema ni jua. Tukasema ni kusimama.
Tukanunua vidonge vya maumivu dukani kwa Mulwa,
viwili viwili, vimefungwa kwa kipande cha gazeti,
na kila kidonge, hatukujua,
kilikuwa jiwe jingine juu ya punda
aliyekwisha kupiga magoti.

Nesi Jelagat alichora maharagwe mawili
nyuma ya kadi ya kliniki.
"Figo ndizo hizi," akasema.
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Miaka kumi na mmoja naloweka maharagwe kwa debe,
sikujua kwamba tunayabeba pia mgongoni.

Sasa nyumbani kuna sufuria yake,
ndogo, yenye kifuniko kilichobonyea.
Viazi navimenya, navikatakata, naviloweka,
nachemsha kwa maji mengi, maji namwaga,
natia mengine, nayo namwaga.
"Unamwaga utamu," hunung'unika Muendo.
Namwaga kile ambacho damu yako
haina tena wa kukitoa nje.

Parachichi, aliyokuwa akila kwa kijiko amesimama mlangoni,
siku hizi anaitazama kwa jirani
kama mchumba wa zamani aliyeolewa mtaa uleule.
Kabichi imerudishiwa heshima yake.
Hoho nyekundu pia. Na kitunguu saumu,
nakiponda mpaka harufu inanifuata kanisani.
Limau limechukua kazi ya chumvi;
haliiwezi sawasawa,
lakini linajitahidi, kama kibarua wa siku ya kwanza.

Maji ndiyo yananiliza.
Anacho kikombe cha bati, nimekikwaruza alama kwa msumari:
hapa asubuhi, hapa jioni, basi.
Sisi tumezaliwa upande wa Mwingi,
tumekua tukifukua mchanga wa mto mkavu
kutafuta tope la kuchuja.
Nairobi maji yapo ndani ya ukuta, siku yakiamua kuja,
na mume wangu anayasikia yakipita.

Jumanne na Ijumaa yuko kwenye mashine.
Mimi niko kibandani natazama foleni:
Ogolla wa zege, vijana wa matofali,
jasho limewakaukia shingoni likawa unga mweupe,
soda mkono huu,
na mkono ule kipande cha gazeti kutoka kwa Mulwa.
Nikashuka macho, nikaangalia viatu vyao.

Wiki ile nilipunguza ncha ya kijiko tu.
Hakuna aliyesema neno.
Wiki iliyofuata, tena kidogo.
Nikazidisha dania, nikazidisha tangawizi,
kitunguu nikakiacha mafutani mpaka kikawa kahawia.
Mkebe wa mezani nikauficha chini ya magunia.
Wakiuliza, chumvi imeisha.
Imeisha tangu Februari.

Konzi imekuwa nusu kijiko.

Leo Ogolla ameinua uso kutoka kwenye sahani.
"Mama, hiki chakula umekifanya nini?"
Moyo ukanidunda; mteja akihama, huhama na genge lake.
"Kwani kina nini?"
Akatafuna. Akafikiri. Akatafuna tena.
"Sijui. Leo nasikia maharagwe."

Nikamsogezea jagi la maji, limejaa hadi ukingoni.
Kunywa, nikamwambia.
Kunywa, wewe unaruhusiwa.